Kabla hujalipia gari jipya au la umeme, kaa kwenye kiti cha dereva utazame nje: uzoefu wa barabara za Mbeya

Mkazi wa Uyole:

Wanajukwaa, salaam. Nimeendesha magari kwa miaka 22, sehemu kubwa nikiwa kati ya Uyole, Tukuyu, Kyela na Chunya, na katika muda wote huo sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningefungua uzi kuhusu nguzo na vioo vya gari. Kilichonifikisha hapa ni wiki moja ya mwezi Juni, ambapo shemeji yangu anayeishi Forest alisafiri na kuniachia gari lake jipya la umeme, akinisihi nilitumie ili nami nishawishike kuachana na gari langu la mwaka 2004. Sitalitaja gari lenyewe kwa jina, kwa sababu ninayotaka kuyaeleza yanahusu magari mengi yanayotengenezwa siku hizi, ya umeme na ya mafuta.

Siku ya pili nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na mama mkwe na wajukuu wake wawili, tukielekea Tukuyu. Tulipokaribia Isyonje ukungu ulikuwa umeifunika barabara, na kwa kuwa tulikuwa watu wanne tunaopumua ndani ya gari lililofungwa kwa sababu ya baridi, kioo cha mbele kikaanza kushika mvuke kwa ndani. Kwenye gari langu kuna swichi ya kuzungusha ambayo mkono wangu unaijua hata gizani: naizungusha, hewa ya moto inapanda kiooni, nabonyeza AC ili hewa hiyo iwe kavu, na baada ya muda mfupi kioo kinasafika. Kwenye gari la shemeji swichi hiyo haipo. Ilinibidi niguse skrini, nifungue ukurasa wa hewa, nitafute alama ya kioo kati ya alama nyingine nyingi, na niguse mara ya pili kwa kuwa mara ya kwanza kidole kiliteleza gari liliporuka kwenye shimo. Nilipoinua macho, taa za lori zilikuwa zimeshatokea kwenye ukungu, na upande wangu wa gari ulikuwa umeuvuka mstari wa katikati. Nilirudi kushoto kwa wakati. Mama mkwe hakusema neno hadi Kiwira, na wanaomfahamu wanajua kwamba hiyo si kawaida yake.

Siku ya nne lilitokea jambo ambalo limeninyima usingizi zaidi ya hilo. Nilikuwa natoka kwenye njia ya mtaani kuingia barabara kuu pale Sae, nikitaka kukata kulia. Niligeuza shingo kulia, nikaona barabara tupu, nikatazama kushoto, nikaona tupu, nikaachia breki. Ndipo bodaboda iliyobeba mama na mtoto ikatokea nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele, ile inayoshika paa upande wa dereva, ikiwa mita chache tu kutoka kwangu. Haikutoka njia yoyote ya pembeni. Ilikuwa barabarani muda wote nilipokuwa natazama, isipokuwa ilikuwa imejificha nyuma ya chuma.

Jioni nilichukua futi kamba nikapima. Nguzo ya gari la shemeji, pamoja na plastiki yake ya ndani, ina upana wa sentimita 12 ukiitazama kutoka kwenye kiti, na iko kama sentimita 60 kutoka machoni pangu. Nguzo ya gari langu ina sentimita 7. Mtu anaweza kusema kwamba sentimita 5 ni kitu kidogo, nami ningesema hivyo kabla sijachora mchoro kwenye karatasi. Macho ya mtu mzima yamepishana kwa takriban sentimita 6.5, hivyo nguzo ya sentimita 7 inazibwa pengo lake na macho yenyewe: kile ambacho jicho la kulia halikioni, jicho la kushoto linakiona. Ukipiga hesabu, umbali wa mita 20 nguzo hiyo nyembamba inaficha upana wa takriban sentimita 23 tu, yaani hata mtu anayetembea kwa miguu hawezi kufichika wote. Nguzo ya sentimita 12, kwa umbali uleule, inaficha karibu mita 2. Urefu wa bodaboda ni kama mita 2.

Kuna jambo jingine baya zaidi katika hesabu hiyo. Ikiwa wewe unasogea kuelekea makutano na bodaboda nayo inasogea kuelekea makutano hayohayo, kila mmoja kwa mwendo usiobadilika, basi pembe kati yenu haibadiliki. Aliyejificha nyuma ya nguzo mwanzoni ataendelea kujificha hadi mnakutana. Ndiyo maana madereva wengi baada ya ajali huapa kwamba walitazama na hawakuona kitu, na mimi sasa naamini kwamba wengi wao hawadanganyi.

Sitaki uzi huu usomwe kama lawama kwa magari ya umeme. Kupanda kutoka Kiwira kurudi Isyonje na gari lile lilikuwa jambo la kupendeza ambalo sijawahi kulipata katika gari la mafuta: hakuna kubadili gia, hakuna injini inayolia, nguvu iko palepale unapokanyaga, na wakati wa kuteremka mota yenyewe inalizuia gari huku ikirudisha umeme kwenye betri, hivyo breki hazinuki kama zinavyonuka za wengine wanaoteremka mlima. Moshi hakuna. Watoto nyuma walilala. Ninachouliza ni kwa nini, ili nipate mota nzuri namna hiyo, nilazimike kupokea pia kioo cha nyuma chenye upana wa kiganja, nguzo nene kama mgomba, na buti lenye paa lililoinama kiasi kwamba gunia moja la viazi halisimami na mkungu wa ndizi unaingia tu baada ya kulaza kiti.

Naomba tufanye jambo moja kwa pamoja. Chukueni ndoo ya kawaida ya lita 20, iwekeni mbele ya gari, kisha dereva akae kitini kama anavyokaa siku zote huku mwingine akiisogeza ndoo mbali na gari taratibu hadi dereva aseme ameiona. Pimeni umbali kutoka bampa hadi kwenye ndoo. Kisha fanyeni hivyohivyo nyuma, dereva akiwa amegeuza kichwa, bila kamera. Ndoo ni fupi kuliko mtoto anayejifunza kutembea, kwa hiyo tukiiona ndoo tutamwona na mtoto. Gari langu la zamani: mbele mita 2, nyuma mita 7 na nusu. Gari la shemeji: mbele mita 3 na ushee, nyuma mita 13.

Fundi wa Ipogolo:

Kamwene, ndugu yangu wa Uyole. Mimi ni fundi wa bodi hapa Iringa na nguzo hizo nimezikata, nimezichomelea na nimezifungua nikaona kilichomo, kwa hiyo naomba nieleze zimenenepaje, maana hazikunenepa kwa uzembe wa mtu.

Sababu ya kwanza ni paa. Gari likipinduka, kinachozuia paa lisimshukie abiria ni nguzo hizo. Marekani mwaka 2009 ilipandisha sharti lake: paa la gari dogo, ambalo zamani lilitakiwa kustahimili uzito wa gari mara moja na nusu, sasa lilitakiwa kustahimili mara tatu. Watengenezaji hawatengenezi bodi moja ya Marekani na nyingine ya kwingineko pale wanapoweza kuepuka, hivyo chuma hicho kinatufikia nasi. Mnaopita Kitonga mara kwa mara mmeona magari yaliyopinduka, na mimi huletewa hapa kwa winchi. Magari ya zamani yenye nguzo nyembamba nayaona paa limelala juu ya viti. Mapya mengi nayaona paa limesimama. Jambo hilo siwezi kulipuuza hata kidogo.

Sababu ya pili ni mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayoshuka kama pazia kutoka kwenye ukingo wa paa. Mikunjo yake na mirija yake inahitaji nafasi, na nafasi hiyo imechukuliwa kwenye nguzo na juu ya milango. Sababu ya tatu ni upepo. Kioo cha mbele kimelazwa ili gari likate hewa vizuri, na kadiri kioo kinavyolala, ndivyo nguzo inavyojinyoosha mbele na kukaa kimshazari katika eneo ambalo dereva anataka kutazama anapokata kona. Kwa gari la umeme jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kila uniti ya umeme inayopotelea kwenye upepo ni kilomita zilizopungua kabla ya kuchaji tena, na hakuna jerikeni ya umeme ya kumwomba mtu njiani. Paa linaloteremka nyuma kama mgongo wa samaki, na kioo kile chembamba, vinatoka hukohuko.

Ya nne ni betri. Imelazwa chini ya sakafu, sakafu ikapanda, viti vikapanda, na ili gari lisionekane kama kabati wameinua mabati ya milango na kupunguza kimo cha vioo. Mtoto aliyeketi nyuma anatazama mlango badala ya kutazama nje, kisha tunashangaa kwa nini anatapika kwenye kona za Kitonga.

Kwa hiyo namwelewa mwenye uzi na ninakubaliana naye kuhusu hatari, isipokuwa ninawaomba wasomaji wasikimbilie kununua gari la mwaka 1998 kwa sababu ya nguzo nyembamba. Chuma chenye nguvu kubwa kinaruhusu nguzo imara iliyo nyembamba kuliko hizi. Ni ghali zaidi kukitengeneza, na mnunuzi asiyeuliza hatatengenezewa.

Mama wa Wanne:

Ndugu zangu, nashukuru kwa mada hii. Mimi naishi Tukuyu, nina watoto wanne, wa mwisho ana miaka miwili, na uwanja wetu ni wa mteremko ambapo gari linaegeshwa pua ikitazama nyumba. Kila asubuhi lazima nitoke kwa rivasi. Kwa miaka mitatu utaratibu wetu umekuwa kwamba mtoto mkubwa anamshika mdogo mkono, wanasimama barazani mahali ninapowaona wote wanne, ninawahesabu kwa sauti, ndipo nawasha gari.

Niliwahi kusoma kwamba Marekani imelazimisha kila gari jipya dogo liwe na kamera ya nyuma kuanzia Mei 2018, na kwamba sheria iliyoanzisha jambo hilo, ya mwaka 2008, inabeba jina la mtoto wa miaka miwili aliyegongwa na baba yake mwenyewe, aliyekuwa akirudisha gari nyumbani kwao. Tangu nilipoisoma habari hiyo sijawahi kuwaacha watoto wangu wasihesabiwe.

Hata hivyo nataka kuwaeleza wanaosifu kamera kwamba huku kwetu Rungwe mvua hainyeshi kwa ratiba. Kamera imewekwa juu ya namba ya gari, mahali ambapo matope ya matairi yanatua kwanza, na tone moja la tope jekundu linatosha kuifanya skrini ionyeshe wingu. Nimejifunza kubeba kitambaa chenye maji kwenye mfuko wa mlango. Dada yangu ana gari la kisasa ambalo halina hata waipa ya nyuma, kwa maelezo kwamba upepo utasafisha kioo. Upepo gani, wakati tunapanda kutoka Ushirika kwa mwendo wa kilomita 30 nyuma ya lori la ndizi?

Mume wangu anataka tubadilishe gari mwaka huu, na yeye macho yake yako kwenye gari refu la mtindo wa Jeep lenye skrini mbili. Naomba ushauri. Ndoo nitaipima Jumamosi.

Mchaji wa Gangilonga:

Salaam wakuu. Ninamiliki gari la umeme lililotumika, kutoka Japani, betri yake ilikuwa ya uniti 40 lilipokuwa jipya, na ninaishi nalo hapa Iringa mjini kwa mwaka wa pili. Naona ni haki watu wasikie na upande wa anayelitumia kila siku.

Kwanza kuhusu kuchaji, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kila ninaposimama. Soketi ya kawaida ya nyumbani, volti 230 na ampea 10, inatoa kilowati 2.3, kwa hiyo betri tupu ya ukubwa huo inahitaji karibu saa 18 hadi 20. Mimi siisubiri iwe tupu. Narudi kazini, nachomeka, asubuhi nina zaidi ya ninachohitaji kwa kuzunguka Kihesa, Mlandege na Ipogolo. Soketi niliibadilisha nikaweka nzito yenye waya wake peke yake, na ninamsihi kila mtu afanye hivyo, kwa maana kuvuta ampea 10 usiku kucha kwenye waya mwembamba wa zamani ni kuuchezea moto.

Kuhusu milima, nimepiga hesabu ambayo huenda ikawafaa wa Mbeya. Kutoka Uyole hadi usawa wa Ziwa Nyasa pale Kyela mnashuka zaidi ya mita 1,200. Kulirudisha juu gari lenye uzito wa kilo 1,900 pamoja na abiria kunahitaji zaidi ya uniti 6 kwa ajili ya kimo peke yake, kabla hujahesabu upepo na matairi. Sehemu ya umeme huo uliupata ulipokuwa unateremka, lakini siyo wote. Anayenunua gari lenye betri ndogo iliyochoka kwa ajili ya safari ya Kyela na aizingatie hesabu hii.

Tena kuna jambo ambalo lilinishtua mwanzoni. Nikichaji hadi ijae kabisa, kisha nikateremka Ipogolo asubuhi na mapema, mota inapunguza kulizuia gari, kwa kuwa betri iliyojaa haina mahali pa kuweka umeme unaorudi. Mguu uliozoea kuachia pedali ili gari lipunguze mwendo unajikuta gari linaserereka. Siku hizi nachaji hadi asilimia 85.

Sasa kuhusu kuona nje. Gari langu ni la umbo la zamani kidogo na vioo vyake vinaridhisha, kwa hiyo umeme na upofu si ndugu wa tumbo moja. Walioamua kukiondoa kioo cha nyuma ni wachache: Polestar 4, kwa mfano, haina kioo cha nyuma kabisa, inategemea kamera na skrini iliyowekwa mahali pa kioo cha kati. Honda e ilitoka na kamera badala ya vioo vya pembeni. Mimi nisingelinunua gari la namna hiyo kwa barabara zetu. Kioo cha kawaida cha kutazamia nyuma hakilazimishi jicho kujirekebisha, kwa sababu kinakuonyesha umbali ukiwa umetazama mbali. Skrini iko karibu, na jicho la mtu aliyevuka miaka 45 linachelewa kuishika picha iliyo karibu baada ya kutazama barabara ya mbali.

Kuhusu skrini za kugusa, namuunga mkono mwenye uzi kwa asilimia mia. Jarida moja la magari la Uswidi mwaka 2022 lilipima madereva wakifanya kazi ndogo nne kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, mambo ya kawaida kama kuwasha joto na kubadili redio. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, ilihitaji sekunde 10. Gari jipya la skrini lililofanya vibaya kuliko yote lilihitaji sekunde 44.6, na katika muda huo lilikuwa limekwenda zaidi ya kilomita 1.3. Ulaya wameanza kulisikia: Euro NCAP, wanaotoa nyota za usalama, kuanzia mwaka 2026 wanataka indiketa, taa za hatari, honi na waipa viwe na vitufe halisi ndipo gari lipate alama kamili. Kifuta mvuke kingeongezwa kwenye orodha hiyo kama waliopanga wangepita Isyonje mwezi Juni.

La mwisho ni tairi la akiba. Magari mengi ya umeme hayana. Unakuta chupa ya gundi na pampu ndogo, ambavyo vinatosha kwa msumari na havifui dafu kwa tairi lililochanika ubavuni. Mimi nimenunua rimu na tairi vyangu, nabeba kwenye buti ninaposafiri nje ya mji, na nafasi ya mizigo inapungua kwa theluthi.

Dereva wa Tunduma:

Nawasalimu wote. Mimi naendesha semi kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea, na nataka kusema neno moja kwa wenye magari madogo. Mnadhani mtu aliyekaa juu anaona kila kitu. Si kweli. Kutoka kwenye kiti changu, gari dogo lililojibana ubavuni kushoto silioni kabisa kwenye baadhi ya vioo, na mtu aliyesimama mbele ya pua ya lori simwoni hadi asogee hatua kadhaa. Mwanangu, yaani utingo, ndiye macho yangu ya kushoto.

Hivyo ninapoyaona magari haya mapya ya familia yakipanda kimo na pua zao zikiwa kama ukuta, najiuliza kwa nini mtu anayembeba mkewe na watoto wawili anataka matatizo yangu bila kuwa na utingo wangu. Na magari ya umeme yanayotembea kimya yanaongeza jambo: pale Mwanjelwa mama anayeuza parachichi anasikia gari kabla hajaliona. Nimeambiwa ya Ulaya yanatakiwa kutoa sauti yakiwa kwenye mwendo wa chini ya kilomita 20 kwa saa. Yanayoingia hapa yasikilizwe kwanza kama yanaitoa.

Mkazi wa Uyole:

Nimesoma kila mchango mara mbili, na naomba nianze kwa kumjibu fundi, kwa sababu amenibadilisha mawazo katika jambo moja. Nilikuja hapa nikiwa na nia ya kubaki na gari langu la 2004 hadi lizeeke nami. Maneno yake kuhusu paa lililolala juu ya viti yamenikaa kichwani, maana wajukuu wa mama mkwe hukaa kwenye viti hivyo. Natafuta gari jipya zaidi. Ila nitalitafuta nikiwa na futi kamba mfukoni.

Pia nimeona kwamba malalamiko yangu si ya mtu mmoja wa Uyole. Taasisi ya usalama barabarani ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni za bima, IIHS, ilitoa matokeo mwaka 2025 ikionyesha eneo la mbele ndani ya mita 10 ambalo dereva analiona. Honda CR-V ya mwaka 1997, ambayo wengi wetu tumeipanda, dereva aliliona eneo hilo kwa asilimia 68. Ile ya mwaka 2022 ni asilimia 28. Gari lenye jina lilelile, linalouzwa kwa familia zilezile, limepoteza zaidi ya nusu ya kile dereva alichokuwa anakiona mbele yake, na hakuna tangazo hata moja lililomwambia mnunuzi.

Kwa wanaobaki na magari yenye nguzo nene, nimejifunza kitu ambacho kinasaidia. Unapofika kwenye makutano au kipilefti, usigeuze shingo tu. Sogeza kiwiliwili mbele na nyuma, kama mtu anayechungulia nyuma ya mlango. Kichwa kikisogea sentimita 15, kile kilichokuwa nyuma ya nguzo kinatoka. Kwenye kipilefti wanaokuja wanatoka kulia, na nguzo ya kulia ndiyo iliyo karibu zaidi na macho ya dereva wa hapa kwetu, kwa hiyo upande huo ndio wa kuchungulia mara mbili. Nimefanya hivyo kwa wiki tatu sasa na mgongo umezoea. Na vitu vinavyoning'inizwa kwenye kioo cha kati, pamoja na simu zilizobandikwa katikati ya kioo cha mbele, viondolewe. Nguzo za kiwandani zinatosha bila sisi kuongeza zetu.

Dada Mama wa Wanne, kuhusu gari refu la skrini mbili nisingependa kuingilia mazungumzo ya nyumba yako. Mwombe tu mumeo akae kitini wewe ukiwa na ndoo.

Mama wa Wanne:

Ndaga fijo, kaka yangu. Jumamosi tulikwenda Mbeya mjini kwenye yadi, nikiwa na ndoo yangu, na kijana wa yadi alinishangaa hadi nilipomweleza. Tulipima magari matatu. Lile refu alilolipenda baba watoto, ndoo ilionekana mbele ikiwa karibu mita 5, na nyuma hatukuiona hadi ilipofika ukuta wa yadi, ambao uko mita 16. Alishuka mwenyewe akaenda kusimama pale ndoo ilipokuwa, akaangalia gari, akarudi akaniambia tuendelee na mengine.

La pili lilikuwa Toyota Raum ya kizazi cha pili, ile ambayo upande wa kushoto haina nguzo ya kati kwa sababu nguzo imejengwa ndani ya milango yenyewe. Kwa kuwapandisha bibi na watoto sijaona gari la kuifikia, maana mlango wa nyuma unateleza na wa mbele unafunguka, na unabaki na tundu kubwa ambalo hata kitanda cha mtoto kinapita. Baba watoto anaona ni ya zamani mno kwa fedha hiyo, na hapo fundi naomba maoni yako kuhusu kutu ya reli za mlango.

La tatu ni gari dogo la umeme, si jipya. Mbele mita 2 na nusu, nyuma mita 8, waipa ya nyuma ipo, swichi ya kutoa mvuke ni kitufe cha kubonyeza. Tairi la akiba halipo. Sakafu yake iko karibu na ardhi, na tukiwa sita nina wasiwasi na matuta ya Kiwira.

Fundi wa Ipogolo:

Dada, reli ya mlango unaoteleza ikaguliwe kwa chini, siyo kwa juu: ingiza kidole kwenye mfereji, ukitoka na unga wa rangi ya kahawia achana nayo. Kuhusu lile la umeme, kabla ya mambo mengine lipandishwe juu ya jeki mbili na bamba la chini ya betri litazamwe kwa tochi, mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo wa rangi si tatizo. Ukiona bamba limebonyea kuelekea ndani, hata kwa kina cha kidole kimoja, usilipe. Kisha jazeni watu sita na mizigo yenu, mlipitishe taratibu juu ya tuta moja kabla ya kukubaliana bei, mtu mwingine akiwa nje ameinama akitazama nafasi iliyobaki chini. Ikibaki chini ya upana wa vidole vinne, Tukuyu siyo nyumbani kwake.